Vigari vya Betri na Maji ya Kisima cha Mwabungo

Wajukuu zangu, na ninyi wengine msio wajukuu zangu lakini mnasimama na pikipiki za betri pale njia panda ya Ukunda, anayewaandikia ni mimi Rashidi, niliyekuwa mtu wa chumba cha betri katika hoteli moja ya Diani kabla baba zenu hawajabaleghe. Sikusoma sana. Niliishia darasa la nne, na mwalimu wangu alikuwa akisema mwandiko wangu ni kuku aliyekanyaga wino. Lakini nilikuwa na mazoea ya kuandika mambo ya kazi kila siku, na madaftari yale bado ninayo, ingawa mchwa wamesoma kurasa nyingi kuliko nilizowahi kusoma mimi.

Juzi kijana mmoja aliniambia, "Babu, hizi ni za kisasa. Hazina moshi, hazina kelele. Wewe huwezi kuzijua." Sikumjibu. Ningependa kusema nilinyamaza kwa busara, lakini ukweli ni kwamba nilipokuwa bado natafuta la kusema alikuwa ameshakwenda zake, wala sikumsikia akiondoka.

Basi jibu langu ni hili. Huenda ni refu mno. Mkichoka rukeni, lakini msiruke habari ya maji.

Miaka ile uhuru ulikuwa bado mpya na hoteli zilikuwa zikiota moja baada ya nyingine kando ya bahari. Yetu ilikuwa na vijumba vya wageni vilivyotawanyika katika msitu, na kutoka lango kuu hadi kijumba cha mwisho ulikuwa mwendo wa kutosha kumfanya mtu mwenye sanduku atukane. Mizigo, mashuka, na vyakula vilibebwa na trekta. Lilikuwa trekta jema, ila lilikohoa moshi mweusi na kunguruma, na wageni waliokuja kutoka mbali kusikiliza bahari walijikuta wanasikiliza trekta. Wakalalamika. Meneja, Mzungu mmoja mrefu asiyecheka haraka, akaagiza vigari vitatu vya betri, kila kimoja na betri sita chini ya kiti. Vilipita kama paka. Sisi wafanyakazi tukaviita bubu.

Lazima niwe mkweli hapa, maana nasikia mkisema gari la betri halina moshi kabisa. Bubu hawakuwa na moshi, ndiyo. Lakini chaji yao ilitoka kwa jenereta ya hoteli, na jenereta ilikuwa nyuma ya jikoni ikila dizeli mchana kutwa. Moshi haukufa. Ulihama kutoka puani mwa wageni ukaenda puani mwa wapishi. Wapishi hawakuwa na mahali pa kulalamikia, ila kwetu, na sisi tuliwaambia wazoee. Nililisema jambo hili kwa wepesi wakati ule, na leo sijisikii vizuri nikilikumbuka. Kwa hiyo mkinunua kitu cha betri, ulizeni umeme wake unatoka wapi. Ukitoka kwenye jua, mna haki ya kujisifu. Ukitoka kwenye jenereta, jisifuni nusu.

Tabu nyingine ya bubu ilikuwa ule ububu wenyewe. Wiki ya kwanza, nikiendesha bubu mmoja, nilimkaribia mtunza bustani kwa nyuma, naye ameinama anapalilia. Nikaona adabu niseme hodi. Nikasema, "Hodi, mzee." Mzee akaruka mzima mzima akatua ndani ya maua, akaanza kusoma Ayatul Kursiyu kwa sauti ambayo wageni walitoka kuitazama. Aliponitambua alinirushia jembe. Halikunipata, na sidhani alikusudia linipate, ingawa yeye mpaka anakufa alisema alikusudia. Baada ya hapo tulivifunga vigari kengele za baiskeli.

Mwalimu wangu wa kazi alikuwa fundi Mutiso, Mkamba aliyejifunza umeme katika karakana ya Mombasa. Alikuwa mfupi, mkavu, na alizungumza Kiswahili cha bara kilichotuchekesha: kila kitu kwake kilikuwa "iko." Naye alicheka chetu. Alisema watu wa pwani tunachukua nusu saa kusalimiana na dakika moja kufanya kazi. Nilipopima baadaye niliona hakukosea sana, ingawa dakika moja ilikuwa dhuluma.

Alinifundisha mambo ambayo nayaandika hapa bila mpangilio, jinsi alivyoyasema. Usivute sigara katika chumba cha betri, maana betri ikichajiwa hutoa gesi inayosubiri cheche kama bibi harusi anavyosubiri ngoma. Fungua madirisha yote. Ukichanganya tindikali, mimina tindikali ndani ya maji taratibu, kamwe usimimine maji ndani ya tindikali, itakurukia usoni. Ukimaliza kazi, osha vichwa vya betri kwa maji ya magadi, kausha, paka mafuta ya mgando. Usiongeze maji kabla ya kuchaji; chaji kwanza, kisha ongeza, kwa sababu maji hupanda yakipata moto na yatamwagika na tindikali yako. Na usiiache betri ikae na njaa. "Betri iko kama punda," alisema. "Ukichelewesha chakula leo, kesho atakubali kubeba, lakini hatasahau."

Msidhani yeye hakukosea. Baadaye kidogo, mafuta yalipoadimika nchi nzima na jenereta ikawa inalala saa nyingi, tuliitilia jenereta mafuta ya nazi. Daftari langu linasema wazo lilikuwa langu. Mutiso alisema lilikuwa lake. Mwacheni kila mmoja achukue nusu. Tuliyachuja kwa kitambaa mara tatu, tukachanganya na dizeli iliyobaki, na wallahi jenereta ilikubali, ikanguruma kwa raha, moshi wake unanukia vitumbua. Wageni wakawa wanauliza kifungua kinywa kitakuwa tayari saa ngapi. Siku nne tulitembea vifua mbele. Siku ya tano ilikuwa asubuhi ya kusi, yenye baridi ile inayotufanya tuvae fulana mbili, na jenereta haikuwaka. Tulifungua chujio tukakuta mafuta yameganda, meupe, kama sabuni. Mimi niliyezaliwa katika nyumba ambayo kila mwezi wa Julai mama alianika chupa ya mafuta ya nywele juani ili yayeyuke! Nililijua jambo hilo tangu utotoni, na sikulikumbuka kwa sababu nililijua kichwani mwa mama, si kwenye jenereta.

Naona nimekwenda mbali. Nirudi kwenye maji.

Betri zile hunywa maji, lakini si maji yoyote. Hunywa maji yasiyo na kitu ndani yake. Yaliletwa kutoka Mombasa katika mitungi mikubwa ya kioo, yakivushwa kwa feri ya Likoni, na yalifika feri ilipopenda. Mutiso aliyalinda kama dawa. Wakati huo huo alikuwa na ugomvi na maji mengine yote ya upande wetu.

"Rashidi," alisema siku ya kwanza aliponywa kikombe cha maji niliyobeba kutoka kwetu, "hii maji yenu iko na chumvi."

"Ya hoteli ndiyo yana chumvi, fundi. Haya ni ya Mwabungo. Kisima cha babu yangu. Matamu."

"Iko na chumvi."

"Wewe umezoea maji ya matope, ndiyo maana."

Wenzetu walicheka, nami nikacheka kuliko wote. Ilikuwa mzaha wetu wa kila wiki. Lakini ndani yangu haikuwa mzaha. Kisima kile babu yangu, mzee Mwinyihaji, alikichimba kwa mikono katika mwamba wa matumbawe, na kijijini kwetu mtu akiulizwa maji matamu yako wapi huonyeshwa kwetu. Nilipokuwa mdogo nilijua mambo matatu kwa hakika: Mungu ni mmoja, jua huchomoza upande wa bahari, na maji yetu ni matamu.

Ikafika wakati Mutiso akaenda kwao likizo, mama yake alikuwa mgonjwa. Akaniachia chumba cha betri, funguo, na daftari la vipimo. Akaniachia pia mitungi miwili ya maji ya betri. Ule wa pili ulipokwisha niliagiza mwingine, haukuja. Niliagiza tena. Kila siku nilitazama ndani ya betri na kuona maji yanashuka, sahani za madini ya risasi zilizomo ndani zinakaribia kuchomoza, na Mutiso alikuwa ameniambia sahani ikionja hewa imekufa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu huniona mpumbavu na huenda wako sawa. Sikutia maji ya mfereji wa hoteli. Nilijua yana chumvi, hata mimi niliionja. Niliazimia kuzipa betri maji bora kabisa ninayoyafahamu. Nilipanda baiskeli nikaenda Mwabungo, nikateka kwa babu, nikachuja kwa kitambaa cheupe cha kilemba, nikayabeba katika debe safi. Nilikwenda mara kadhaa. Nilizijazia betri zote kumi na nane kwa mkono wa polepole, na katika daftari la vipimo niliandika neno moja: maji. Sikudanganya. Ila nakiri kwamba niliandika neno moja mahali palipotaka maneno manne.

Mutiso aliporudi, mama yake alikuwa amezikwa. Nilimpa pole, na siku ya tatu akapima betri. Akapima tena. Vigari vilivyokuwa vikienda kutwa nzima sasa vilichoka adhuhuri. Wiki zilizofuata vilichoka saa nne ya asubuhi. Kimoja kilizimika katikati ya njia kikiwa na bibi harusi wa Kizungu na sanduku lake la gauni, tukakisukuma watu watano, kengele inalia yenyewe kila tukipita shimo.

Meneja akamwita Mutiso. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika vipimo.

"Betri hizi zilipaswa kudumu miaka," meneja alisema. "Wewe ndiye mkubwa wa chumba. Msimu unaanza. Zikiwa bado mbovu mwisho wa mwezi, nitarudisha trekta, na sitahitaji fundi wa betri. Umenielewa?"

"Nimeelewa," Mutiso alisema.

Alipotoka aliniuliza, "Ulichaji kila siku?"

"Kila siku."

"Uliongeza maji kwa wakati?"

"Kwa wakati, fundi."

Hakuuliza maji gani. Ndiyo heshima aliyonipa: hakufikiri inahitajika kuuliza. Na mimi wakati huo, namshuhudisha Mwenyezi Mungu, sikuwa najua kosa liko wapi. Nilidhani labda betri zilikuwa mbovu kutoka kiwandani. Nililisema hilo kwa sauti kubwa mara nyingi.

Aliyenifungua macho ni dada Mwanakombo wa chumba cha dobi, mama mmoja wa Msambweni aliyepiga pasi mashuka ya hoteli nzima na hakumwogopa mtu. Chumba chake kilipakana na chetu. Siku moja alichungulia dirishani huku ameziba pua na ncha ya leso.

"We Rashidi, mnafua nini humo ndani?"

"Hatufui kitu, dada. Tunachaji."

"Mbona pananuka kama dawa yangu ya kung'arishia mashuka? Tangu mwezi uliopita."

Nilinusa. Nilikuwa nimeizoea ile harufu kiasi cha kutoisikia. Nikamwambia betri hunuka tu. Akatikisa kichwa.

"Hazikunuka hivi. Mmezipa nini?"

"Maji."

"Yepi?"

Nikamwambia, kwa fahari kidogo. Akanitazama kama anavyomtazama mtoto aliyekojoa msikitini. Alinipeleka dobi nimebeba ndoo yangu ya maji ya kunywa, yaliyotoka kwetu asubuhi ile, akaidondoshea pasi ya moto matone matatu. Yalichemka yakatoweka, yakaacha madoa matatu meupe ya chumvi. Kisha akachukua maji katika mtungi wake mwenyewe akadondosha matatu mengine. Yalitoweka na pasi ikabaki safi.

"Hayo yako ni ya mvua?" nikauliza.

"Ya mvua, ya paa hili la vigae. Nguo za watu hazipigwi pasi kwa maji ya kisima, zitatoka na mabaka. Kila mwanamke anayepiga pasi pwani hii anajua. Lakini ninyi mafundi mnatuuliza sisi?"

"Maji yetu ni matamu," nikasema.

"Ni matamu kwako, mwanangu. Umeyanywa tangu unanyonya. Ulimi wako unayaona ni mate. Lakini betri zimeijua hiyo chumvi, ndiyo maana zinanuka."

Nimeandika sehemu inayofuata mara tatu na kuichana mara mbili. Ilikuwa Jumanne. Mutiso alibakiwa na siku chache. Ningemwambia siku ile ile angalau angejua aanzie wapi. Sikumwambia. Jumatano nilimwona anafungua betri moja moja, anatafuta kosa katika nyaya, mahali lisipokuwepo, na mimi namshikia taa. Alhamisi alikuwa ameanza kufunga vyombo vyake katika sanduku la mbao. Ningependa kusema niliogopa kufukuzwa, ingekuwa sababu ya mtu mzima. Lakini nikijichunguza kwa haki, kilichonifunga mdomo zaidi ni ile picha ya kusimama mbele ya watu wa Mwabungo waliofanya kazi pale, wahudumu na wapishi, na kutamka kwamba kisima cha mzee Mwinyihaji kina chumvi.

Ijumaa baada ya sala sikurudi kazini. Nilikwenda kwa babu. Nilimkuta uani anafua nazi kwenye kifuo, ule mti uliochongoka ncha, anazipiga na kuzizungusha, makumbi, yale maganda ya nyuzi, yanaruka huku na huku.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umefukuzwa?"

"Bado."

"Basi kaa, unifungie makumbi."

Nikakaa. Nikafunga makumbi kitita kizima kabla ya kupata maneno. "Babu, maji ya kisima chetu yana chumvi?"

Nazi ilibaki juu ya kifuo. "Nani amesema?"

"Mimi."

"Wewe? Ulimi wako umeanza lini kujua chumvi?"

"Si ulimi, babu. Ni pasi."

Nikamsimulia yote: mitungi iliyokwisha, baiskeli, kilemba, harufu, madoa matatu, na Mutiso anayefunga sanduku. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia. Nilipomaliza akaivuta ile nazi, akaiweka chini.

"Nilichimba mara tatu," alisema. "Mara mbili nilikuta jiwe tupu. Mara ya tatu maji yakatoka, nikayaonja mle chini. Chumvi. Nikakaa kwenye tope nikalia kama mtoto. Bibi yako alikuwa juu ameshika kamba, na mimba ya baba yako tumboni. Akaniita, 'Vipi huko?' Nikampelekea kata moja ya maji kwa kamba. Akanywa. Akasema, 'Matamu.' Tangu siku ile yakawa matamu."

"Hakuonja chumvi?"

"Bibi yako amezaliwa Tiwi, kwenye visima vya maji matamu hasa. Aache kuonja?" Akapangusa mikono kwenye shuka yake. "Kawaambie. Mimi nimenyamaza maisha yangu yote, nimechoka. Ila shangazi yako asisikie. Atanuna mpaka Ramadhani."

Jumamosi asubuhi Mutiso aliitwa ofisini. Niliingia nyuma yake bila kuitwa. Mlango ulikuwa wazi na wahudumu wawili wa kwetu walikuwa kibarazani wanapanga viti, nikajua kila neno litafika Mwabungo kabla yangu.

"Bwana meneja, kosa si la fundi," nilisema. "Maji ya betri yalikwisha alipokuwa matangani. Nilitia maji ya kisima cha babu yangu. Yana chumvi. Chumvi imekula betri."

Viti kibarazani vikaacha kusogea.

"Kwa nini maji ya kisima?" meneja aliuliza.

"Ndiyo maji mazuri kuliko yote niliyoyajua."

Meneja akamtazama Mutiso. Mutiso alikuwa akitazama ukuta.

"Umejua lini?"

Hapo ningeweza kusema leo. Nikasema, "Jumanne."

Mutiso akageuka. Hakupaza sauti. "Jumanne," alisema. "Na mimi nimefungua nyaya siku tatu. Ukiwa unanishikia taa." Kisha akatoka.

Meneja alifanya haki. Nilimchukia siku ile lakini daftari langu linasema alifanya haki, nami nakubaliana na daftari. Mutiso alibaki, akapewa muda. Mimi nilitolewa chumba cha betri nikapelekwa kwenye trekta lililotolewa bandani kuziba pengo. Mutiso alimwaga tindikali yote, akasuuza betri kwa maji ya mvua aliyomwomba Mwanakombo, akatia tindikali mpya. Betri sita zilipona, zikatosha kigari kimoja. Nyingine zilikwenda kutupwa, na mpya zilichukua miezi kufika. Miezi yote hiyo nilipita njia zile nikinguruma, natoa moshi, na wageni wakiziba masikio, na kila walipoziba nilijua ni kazi ya mkono wangu.

Mutiso hakunisemesha. Tulisalimiana, maana kwetu salamu haikatwi hata kwa damu, lakini salamu yake ilikuwa fupi kuliko ile dakika moja ya kazi. Sikumlaumu. Sikumwomba anitetee na hakuwa na sababu ya kunitetea. Kwetu nako shangazi alisikia, akanuna, na majirani wawili wakaanza kuteka maji kwingine. Walirudi baada ya wiki, wakasema ya huko hayana ladha.

Siku moja mwanzoni mwa masika, mawingu yamejaa tangu asubuhi, Mutiso alikuja akasimama mbele ya trekta. Nikazima injini.

Alikuwa ameshasema neno kabla sijazima, nisilisikie kwa ngurumo. Akarudia. "Mpya iko bandarini. Betri kumi na mbili. Sitangoja tena feri iniletee maji."

"Ndiyo, fundi."

"Paa ya dobi iko na mavi ya ndege na majani. Mwanakombo hawezi kupanda. Mimi mguu wangu iko mbaya. Nani atapanda?"

Nilishuka. Nilivua viatu. Paa la makuti halifai kwa kazi hii, vijana, maji yake hutoka rangi ya chai. Tafuteni vigae, na msuguaji wake asitie sabuni. Nilisugua kwa ufagio wa chelewa mpaka mikono ikafa ganzi, na Mutiso chini amepanga ile mitungi ya kioo, faneli juu yake, kitambaa juu ya faneli, Mwanakombo amesimama mlangoni anatuamuru sote wawili. Matone ya kwanza yakanipiga mgongoni. Mara ikashuka mvua yenyewe. Maji yakaanza kukimbia katika mlizamu wa paa, ya kahawia, na vumbi la kiangazi kizima.

"Fundi, nisogeze mtungi?" nilipiga kelele.

"Bado! Wacha ioshe."

Nikangoja. Nilikuwa nimelowa mpaka kwenye mfupa na meno yanagongana. Maji yalikuwa yameanza kuwa meupe.

"Sasa?"

"Bado."

Alikinga kiganja chini ya mlizamu, akayaonja. Akatema. Akangoja. Akakinga tena, akaonja, akafumba macho muda kidogo, mvua inamchuruzika usoni. Kisha akaniita nishuke, akaushika mkono wangu akauweka chini ya mlizamu.

"Onja wewe," alisema. "Uniambie."

Nilionja. Nikangoja ulimi wangu useme kitu, nao haukusema kitu chochote.

"Hayana kitu, fundi."

"Weka mtungi," alisema Mutiso.